Vita vya kisaikolojia wakati wa amani: ofisi gani ibebe mzigo? Namna Washington walivyotupiana mpira kuanzia 1947

#1 Kitasa
Wakuu salaam.

Kwenye ule uzi wa majasusi kuna mdau aliandika kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilianzishwa ili ifanye propaganda. Sikutaka kuharibu mada ya mwenzetu, nikaona nifungue wangu. CIA ilizaliwa bila kazi hiyo, na walioibebesha baadaye hawakufanya hivyo kwa sababu inaiweza. Kila mwenye jina la kulinda aliikwepa, ikaishia kwao. Hiyo ndiyo hoja yangu. Mwenye nondo za kuipinga aje nazo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilikuwa na ofisi mbili za maneno. OWI ilibeba ya wazi: redio, mabango, filamu. OSS ya Jenerali Donovan ilibeba ya kificho, ikiwa na kitengo kizima cha kuwavunja moyo askari wa adui kwa uvumi, magazeti bandia na matangazo yanayojifanya yametoka kwa Wajerumani wenyewe. Mwaka 1945 Rais Truman alizifuta zote. Redio ya Sauti ya Amerika ikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje, ambako wanadiplomasia waliipokea kama mgeni aliyekuja na mabegi mengi bila kusema anaondoka lini.

Miaka miwili haikuisha, suala likarudi mezani. Ufaransa na Italia vyama vya kikomunisti vilikuwa na nguvu kweli kweli, na Septemba 1947 Moscow ikaunda Cominform, umoja wa vyama vya kikomunisti vya Ulaya. Kamati ya pamoja ya wizara za Mambo ya Nje, Vita na Majini ilikuwa imeshakuna kichwa tangu 1946: kukiwa na vita, maneno ya kumpiga adui ni ya jeshi, hilo halina mjadala. Kukiwa na amani, ni ya nani?

Sasa angalieni tarehe. CIA ilianza kazi 18 Septemba 1947. Tarehe 25 Septemba, shirika likiwa na wiki moja tu duniani, mwanasheria wake mkuu Lawrence Houston akamwandikia bosi wake, Admirali Hillenkoetter. Alisema hivi, kwa maneno yangu: sheria inatupa kukusanya na kuchambua habari za kijasusi, pamoja na kile kifungu cha "majukumu mengine" tutakayoelekezwa na Baraza la Usalama la Taifa (NSC). Kifungu hicho hakivutiki hadi kufika kwenye propaganda nyeusi, ile inayoficha imetoka kwa nani, na kazi za kikomando. Mkizitaka, nendeni Congress, yaani bungeni, mkaombe idhini na fedha.

Hakuna aliyekwenda Congress.

Novemba Truman akaidhinisha kazi hii iwe chini ya Waziri wa Mambo ya Nje. Mawaziri wenzake wengi waliona hapo ndipo mahali pake. Haikufika wiki 3 uamuzi ukageuzwa, na aliyeugeuza ni waziri mwenyewe, George Marshall. Aliwaambia wazi kwamba siku mambo haya yakifichuka yakiwa na jina la wizara yake, wizara itaaibika na sera yote ya nje itapoteza imani ya watu. Kumbukeni huyu ndiye aliyekuwa anasukuma ule mpango wa kuijenga upya Ulaya uliobeba jina lake, na fedha zake Congress walikuwa hawajazipitisha.

Tarehe 17 Desemba 1947 zikatoka nyaraka mbili kwa mpigo. NSC 4 iliipa Wizara ya Mambo ya Nje propaganda ya wazi. NSC 4-A iliipa CIA ya kificho. Hiyo ya pili zilichapwa nakala tatu tu. Moja Hillenkoetter aliilinda ofisini kwake, nyingine ilikwenda kwa George Kennan wa idara ya mipango ya sera, Mambo ya Nje.

Kwa nini CIA? Sababu mojawapo ni ya kihasibu: walikuwa na fungu la fedha zisizodaiwa risiti.

Nitaendelea jioni, niko kazini.

#2 Chanikiwiti
Siti ya mbele hapa, kahawa na kashata mkononi. Mkuu ukienda jioni usije ukapotea kama wale wa "itaendelea".

#3 Nyumba Kumi
Swali la haraka: jeshi lilikuwa wapi? Wenye uzoefu wa vipeperushi na vipaza sauti ni wao. Mbona hukuwataja?

#4 Kitasa
Nyumba Kumi, swali zuri. Jeshi lilitaka mpaka uwe wazi: vita vikianza ni kwetu, kabla ya hapo msituchafue. Isitoshe, baada ya 1945 wataalamu wake wa mambo haya walikuwa wamesharudi uraiani. Jenerali Robert McClure, aliyeongoza kazi hiyo chini ya Eisenhower Ulaya, alilalamika sana kwamba ujuzi wote umeachwa uoze. Ofisi yake Pentagon ilikuja kuundwa Januari 1951, Korea ikiwa inawaka moto.

Tuendelee. Machi 1948 CIA wakaunda kikundi cha kutekeleza NSC 4-A. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Aprili, Italia ikapiga kura. Fedha za siri za Wamarekani zilipelekwa kwa wanasiasa wa mrengo wa kati, na chama cha waziri mkuu De Gasperi kikapata asilimia 48.5 dhidi ya 31 za muungano wa wakomunisti na wasoshalisti. Wakati huohuo Wamarekani wenye asili ya Italia walikuwa wanamwaga barua kwa ndugu zao kijijini, mapadre wanahubiri, meli za chakula zinatia nanga. Nani awezaye kusema kura ipi ilitokana na mfuko wa fedha na ipi ilitokana na barua ya shangazi wa Brooklyn? Ila waliokuwa na hamu na kazi za kificho walipata mfano wa kuonyesha.

Halafu akaingia Kennan. Mei 1948 aliandika andiko la kutaka "vita vya kisiasa" viwe kazi ya kudumu ya serikali. Aliitaka kazi hiyo chini ya macho ya Wizara ya Mambo ya Nje, ila hakutaka mlango wake uwe na kibao cha wizara. Ndipo ukazaliwa waraka NSC 10/2 wa tarehe 18 Juni 1948. Miezi 6 na siku moja tangu NSC 4-A ya propaganda, na orodha sasa ilikuwa na hujuma, ulipuaji na kusaidia wapiganaji wa msituni. Sharti kuu: mambo yapangwe hivi kwamba yakigundulika, serikali ya Marekani iweze kuyakana na ikaaminika.

Ofisi iliyotekeleza iliitwa OPC (Office of Policy Coordination). Muundo wake ndio kituko chenyewe. Makazi na mishahara: CIA. Mkuu wake: anateuliwa na Waziri wa Mambo ya Nje. Mwongozo wa sera: Mambo ya Nje na Ulinzi. Mkurugenzi wa CIA alikuwa kama mwenye nyumba anayelipa umeme lakini hana ufunguo wa chumba. Aliyepewa ofisi ni Frank Wisner, mwanasheria kutoka Mississippi, aliyekuwa OSS Bucharest mwaka 1944 na Januari 1945 akashuhudia Warumania wenye asili ya Kijerumani wakipakiwa kwenye treni za kwenda Urusi kufanya kazi za kulazimishwa. Mtu wa namna hiyo hukai naye ukamwambia apunguze mwendo.

Na mwendo hakupunguza. Takwimu zilizotolewa na kamati ya Seneti iliyochunguza majasusi 1975 na 1976: mwaka 1949 OPC ilikuwa na watu 302, vituo 7 nje ya nchi na bajeti ya dola milioni 4.7. Mwaka 1952 ilikuwa na watu 2,812, bila kuhesabu 3,142 wa mkataba walioko nje, vituo 47 na dola milioni 82. Miaka mitatu tu!

Kennan mwenyewe aliiambia kamati hiyo kwamba mambo hayakwenda kabisa kama alivyoyawaza. Alidhani kingekuwa kikosi kidogo cha kuitwa mara mojamoja.

#5 Mzee Pongwe
Kijana Kitasa, umeandika vizuri, ila Marshall umemwonea. Nimefanya kazi serikalini miaka mingi, najua thamani ya jina la ofisi. Balozi akisema jambo, kinachomfanya asikilizwe ni imani kwamba asemalo ndilo msimamo wa nchi yake. Ukimpa balozi huyohuyo kazi ya kutunga barua bandia usiku, mchana hana kazi tena. Marshall hakukwepa mzigo. Alilinda chombo pekee cha nchi ambacho kazi yake ni kuaminiwa.

#6 Kitasa
Shikamoo mzee wangu. Nakubali nusu. Marshall alilinda jina, sawa. Lakini hakusema "jambo hili lisifanyike". Alisema lisifanyike kwangu. Na miezi michache baadaye wizara yake ndiyo iliyomteua mkuu wa OPC. Waziri anayechagua dereva, anampa ramani, kisha anasema gari si langu, tumwiteje?

#7 Mzee Pongwe
Marahaba. Tumwite mwanasiasa, mwanangu.

#8 Milimani
Wasee, hapa mmesahau Waingereza. Wao walifanya kinyume kabisa. Januari 1948 serikali ya Labour iliunda Information Research Department (IRD) ndani ya Foreign Office yenyewe, wizara yao ya mambo ya nje, chini ya Ernest Bevin, wazo likiwa limetoka kwa Christopher Mayhew. Jina limekaa kama la maktaba. Kazi yao ilikuwa kuwalisha waandishi wa habari, wabunge na vyama vya wafanyakazi habari za kupinga ukomunisti bila kusema zimetoka wapi. Ilidumu hadi 1977, David Owen akaifunga, na umma ukajua mwaka uliofuata kupitia gazeti la Guardian.

Kwa hivyo wizara inaweza kubeba, tena miaka 29. Swali langu: ilibeba vizuri? Nyaraka za IRD zilizofunguliwa miaka ya karibuni zinaonyesha walimlenga Jaramogi Oginga Odinga akiwa makamu wa rais, mwaka wa 1965. Walitoa karatasi kwa jina la kikundi cha kimapinduzi ambacho hakikuwepo, inamsifu Jaramogi na kumponda Kenyatta, ndio Kenyatta amwone Jaramogi kama hatari. Hiyo ni Foreign Office, ile ofisi ambayo balozi wake Nairobi anakunywa chai na pande zote mbili. Kitasa, ukisema kazi hii ingebaki Mambo ya Nje ingekuwa safi zaidi, sisi hapa Kenya tunacheka kidogo tu.

#9 Chanikiwiti
Hapo Milimani kapiga chini ya mkanda 😂 Kitasa jibu.

#10 Kitasa
Milimani, pigo limefika. Lakini sikusema ingekuwa safi zaidi. Nasema mwenye sera ndiye abebe maneno, ili lawama ijue pa kwenda. Leo unaweza kuandika "Foreign Office ilifanya hivi 1965" na hakuna wa kukuambia ilikuwa ofisi nyingine. Kwa Wamarekani, ukiuliza nani aliamua nini kati ya 1948 na 1952 unaonyeshwa milango mitatu.

Niwape mfano mmoja wa ndani. Aprili 1951 Truman, baada ya kuchoshwa na ugomvi wa Mambo ya Nje, Pentagon na CIA, akaunda Bodi ya Mikakati ya Kisaikolojia. Wajumbe: naibu waziri wa kila upande na mkurugenzi wa CIA. Mkurugenzi wa kwanza Gordon Gray. Gray alisimulia baadaye kwamba alipojaribu kuuliza habari za sera, Paul Nitze, aliyemrithi Kennan kwenye idara ya mipango, alimwambia aachane na sera, haimhusu: sisi tutatunga, wewe utaweka kwenye redio yako. Hapo bodi ilikufa kabla haijaanza. Ikaishi miaka miwili inaandika mipango isiyo na wa kuitekeleza.

Machi 1953 Stalin akafa. Kama kuna siku moja ambayo bodi ya namna hiyo iliundwa kwa ajili yake, ni ile. Eisenhower, sasa akiwa rais, aliwaambia mawaziri wake kwa hasira kwamba tangu 1946 wataalamu wanazungumzia siku hii, na sasa imefika hakuna mpango wowote wa maana mezani. C. D. Jackson, mshauri wake wa vita vya kisaikolojia, alitaka wapige papo hapo Kremlin ikiwa bado imeduwaa. Mambo ya Nje wakasema subiri. Hotuba yenyewe ikatoka tarehe 16 Aprili, wiki 6 baadaye, na ilikuwa ya kuomba amani.

Kamati ya William Jackson (msimchanganye na huyo C. D.) ikamwandikia Eisenhower mwaka huohuo kwamba hakuna kitu kinachoitwa mkakati wa kisaikolojia peke yake, kila hatua ya serikali ina upande wake wa kisaikolojia. Bodi ikafutwa Septemba 1953. Mwezi uliotangulia USIA ilishaundwa kubeba propaganda ya wazi, nje ya wizara. Hata ile redio ya Sauti ya Amerika wanadiplomasia waliondolewa nayo, na sidhani kama walilia.

#11 Binti Chumbageni
Nimesoma kimya muda mrefu, naomba nichangie kidogo. Mnazungumza vyeo na kamati, hamjafika kwa waliosikiliza.

Redio Free Europe ya Munich ilitangaza tangu 1950 kwa jina la kamati ya raia wa Marekani, fedha zikitoka CIA. Watangazaji wa idhaa ya Kihungari walikuwa Wahungari waliokimbia kwao, wana uchungu na nchi yao. Oktoba 1956 Budapest, mji mkuu wao, ikalipuka kwa maasi dhidi ya Wasovieti. Tarehe 27 Oktoba waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Dulles, alisema Dallas kwamba Marekani haizitazami nchi zile za Ulaya Mashariki kama washirika wa kijeshi. Maana yake kwa Moscow: hatuji. Lakini tarehe 4 Novemba, vifaru vya Kisovieti vikiwa vimeshaingia mjini, idhaa ya Kihungari ilisoma uchambuzi wa gazeti la London kwa namna ambayo mtu aliyejificha kwenye ghorofa na bunduki angeelewa kwamba msaada unakuja.

Baadaye Munich walikagua matangazo yao wenyewe, wakasema yaliyokiuka mwongozo ni machache. Huenda ni kweli. Mtu wa kule ghorofani alihitaji kusikia moja tu.

Hapo ofisi gani iwajibike? Mambo ya Nje waliotunga sera? CIA waliolipa? Kamati ambayo kwenye karatasi ndiyo yenye redio? Kila mmoja alikuwa na mahali pa kuelekeza kidole.

#12 Kitasa
Dada umemaliza. Mfano wako una nguvu kuliko yangu yote.

#13 Nyumba Kumi
Binafsi sioni tatizo la muundo. Warusi walikuwa na chama kimoja juu ya kila kitu, amri moja. Marekani wangeipa CIA yote kuanzia mwanzo, sheria ikapitishwa, Congress wakajua, mambo yangenyooka. Alichosema yule mwanasheria ndicho kilichotakiwa.

#14 Kitasa
Nyumba Kumi, kwa sehemu ndivyo ilivyokuwa. Jenerali Bedell Smith alipoingia CIA Oktoba 1950 alisema OPC itapokea amri kwake, basi. Agosti 1952 akaiunganisha na wale wa ujasusi wa kawaida. Sehemu ya Congress ndiyo haikutokea. Wananchi walikuja kujua kupitia magazeti mwaka 1967, chama cha wanafunzi na majarida ya wasomi yalipoanikwa kwamba yalikula fedha za CIA. Redio ya Munich ikasemwa wazi na Seneta Clifford Case mwaka 1971.

#15 Mzee Pongwe
Nirudi kidogo, maana wengi humu hamkuwepo. Novemba 1964 Kambona, waziri wetu wa mambo ya nje, alitangaza kwamba kuna barua zinazoonyesha mpango wa nchi za Magharibi kuipindua serikali. Dar es Salaam ilichemka. Barua zile zilikuwa za kughushi. Januari 1965 wakafukuzwa maafisa wawili wa ubalozi wa Marekani, Gordon wa Dar na Carlucci wa Zanzibar, kwa maongezi ya simu yaliyonaswa.

Ubalozi ulisema barua ni za uongo, na ulikuwa unasema kweli. Nani angewaamini? Walishakuwa na ofisi ambayo waraka wake wa kuzaliwa unasema mambo yakifichuka serikali iyakane. Ukiweka maandishi kwamba utakana, siku ukiwa huna hatia ukakana, sauti ni ileile. Hasara hiyo iliangukia wizara ya Marshall, ingawa yeye aliikataa kazi. Kwa hiyo Kitasa, hapo nakuachia nusu yako ya pili.

#16 Chanikiwiti
Mzee Pongwe hujawahi kuniangusha. Swali la mwisho kutoka kwangu: leo iko wapi hii kazi?

#17 Kitasa
USIA ilifutwa Oktoba 1999, shughuli zake nyingi zikarudi Mambo ya Nje. Mwaka 2016 wizara ikapata kituo cha kupambana na propaganda za nje, kikafungwa Desemba 2024 Congress ilipokataa kukiongezea muda.

Wanaofanya kweli kweli sasa ni jeshi, wale waliosema wakati wa amani msituchafue. Mwaka 2024 Reuters walitoa uchunguzi: tangu 2020 jeshi la Marekani liliendesha akaunti bandia mitandaoni, zikijifanya Wafilipino, kuiponda chanjo ya Kichina ya Sinovac wakati watu Manila wanakufa kwa korona na chanjo nyingine hawana. Wakubwa kadhaa wa Wizara ya Mambo ya Nje walipinga. Zamani pingamizi lao lingeweza kuzuia. Lakini mwaka 2019 waziri wa ulinzi, Esper, alikuwa ametia saini amri ya siri inayouchukulia ushindani na China na Urusi kuwa na uzito sawa na mapigano, kwa hiyo makamanda wakaruhusiwa kuwapita wanadiplomasia.

#18 Nyumba Kumi
Yaani amani wameibadilisha jina tu, jeshi likaingia?

#19 Kitasa
Ndiyo mkuu. Ile kamati ya 1946 ilihangaika kutafuta ofisi ya wakati wa amani. Esper yeye aliuondoa wakati wa amani.

#20 Milimani
Na balozi wao Manila akaachwa aeleze. Jaramogi angewaambia hiyo movie ameiona.